Siku tatu na msuluhishi: nyota tatu na nusu

Nampa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nimebishana nayo peke yangu wiki mbili nzima, leo naiweka, kesho naiondoa, na naandika sasa hivi kabla sijageuka tena.

Huduma ninayoizungumzia ni usuluhishi wa mgogoro wa kikazi. Upande mmoja ni chama chetu cha wanataaluma wa chuo kikuu, upande wa pili menejimenti, na katikati mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na penseli iliyochomekwa sikioni. Mimi ni mhazini wa chama. Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha takwimu, na ndiyo sababu nikaingizwa kwenye timu ya majadiliano: alihitajika mtu wa kupiga hesabu. Sikuwa msemaji. Nilikaa mwisho wa meza na kompyuta yangu, na anayekaa mwisho wa meza huona mengi.

Tulifika kwake hoi. Mkataba wa hali bora wa zamani, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, ulikuwa umekwisha muda wake, na mpya tulikuwa tumeujadili miezi kumi na moja, vikao kumi na tisa. Vifungu ishirini na saba kati ya thelathini na viwili tulikuwa tumekubaliana na kuvitia saini za awali. Vitano vilikuwa vimetukaa kooni: mshahara, malimbikizo, mzigo wa kufundisha, likizo ya utafiti, na Kifungu cha 14, kile cha wahadhiri wa muda, wanaofundisha saa pungufu bila ajira ya kudumu. Kikao cha kumi na tisa kilivunjika wakili wa menejimenti alipolifunga faili lake kwa kishindo na mwenyekiti wetu akalitamka neno "mgomo" bila kulitanguliza na "huenda". Kesho yake tukajaza fomu ya kuomba msuluhishi.

Niondoe utata mmoja, maana hata wanachama wetu waliuchanganya mpaka siku ya mwisho. Msuluhishi si mwamuzi. Mwamuzi anasikiliza pande zote, anaandika uamuzi, na nyie mnaondoka nao mkiupenda mkiuchukia. Msuluhishi haamui kitu. Hawezi kumlazimisha mwajiri afungue vitabu vyake vya fedha, wala kulilazimisha chama lishushe dai. Ana miguu yake, masikio yake, na ruhusa ya kuingia vyumba viwili ambavyo wenyewe hamuwezi kuingiliana. Ukienda kwake ukitarajia hakimu, utampa nyota moja, na kosa litakuwa lako.

Jingine: siku ya kwanza tulisaini karatasi ya usiri. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa ni yale yaliyomo kwenye mkataba uliosainiwa, yale ambayo kila upande ulishayatoa kwenye taarifa zake, na yale yaliyotupata sisi wenyewe ndani ya chumba chetu, ambayo tuliyaeleza mbele ya wanachama. Mengine niliyaacha mlemle.

Siku ya kwanza nilidhani tumepoteza muda. Mwenyekiti wetu alikuja na hotuba ya kurasa kumi na nne. Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia fedha alikuja na slaidi. Mama Msuluhishi (hivyo ndivyo sote tulivyoishia kumwita, hata wakili) alimpa kila mmoja dakika kumi, kisha akaomba kitu ambacho hakuna aliyejiandaa nacho. "Naibu, nieleze wao wanataka nini. Usiniambie kwa nini wamekosea. Nieleze wanachotaka mpaka wao wenyewe waseme ndiyo." Naibu alijaribu mara mbili tukakataa mara mbili. Nikacheka kimoyomoyo. Ikafika zamu yetu, mwenyekiti wetu naye akakosea: alisahau kabisa suala la mchango wa pensheni, jambo ambalo kumbe kwao ndilo lililokuwa linawanyima usingizi. Miezi kumi na moja tunaketi na watu hawa na hatukuweza kuyasema mahitaji yao bila kuyapinda.

Halafu ikaja "saa".

Hapa ndipo ninapopenda kumsifu, maana hapa alifanya kazi ambayo sisi, watu wenye shahada za uzamivu, hatukuweza. Kifungu cha mzigo wa kufundisha kilikwama kwenye namba. Sisi tulisema saa 12 kwa wiki ndiyo kikomo. Wao walisema 16. Tulikuwa tumeshabishana hadi robo saa. Mama akachukua karatasi nyeupe, akaikunja katikati, akaandika juu neno moja, "saa", akampa mwenyekiti wetu nusu ya kushoto na Naibu nusu ya kulia. "Andikeni kilichomo ndani yake."

Walipomaliza akaikunjua akaibandika ukutani. Upande wetu: mhadhara, semina, usimamizi wa tasnifu, kuandaa somo, kusahihisha. Upande wao: muda wa kusimama mbele ya darasa. Basi. Tulikuwa tunagombea 12 na 16 za vitu viwili tofauti. Ungezihesabu saa zao 16 kwa kipimo chetu, zilikuwa zaidi ya ishirini na tano. Ungezihesabu saa zetu 12 kwa kipimo chao, zilikuwa hazifiki nane, na ndiyo maana walituona wavivu wanaodai likizo. Wakili wao aliitazama ile karatasi muda mrefu. Nami niliitazama, nikiwa na aibu ya mtu ambaye huwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza kabisa, kwamba kabla ya kupima kitu ukitaje ni nini.

Kutoka hapo kifungu kilijiandika chenyewe kwa muda wa saa mbili hivi. Saa ya darasani ni moja. Somo jipya, mwaka wake wa kwanza, kila saa inahesabiwa moja na nusu. Kila mwanafunzi wa uzamili unayemsimamia ni robo saa kwa wiki. Darasa likizidi wanafunzi 80, ama msahihishaji msaidizi analetwa, ama saa za kusahihisha zinaingia kwenye hesabu. Kikomo ni 14 kwa kipimo hicho. Ile karatasi iliyokunjwa ninayo, niliomba.

Siku ya pili tuliwekwa vyumba viwili na yeye akawa mtu wa kwenda na kurudi. Hii ndiyo sehemu wanayoijua wengi kuhusu usuluhishi, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Tulikaa saa nne bila kusikia chochote ila vicheko kupitia ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na wenzetu kule walikuwa na mchekeshaji wao. Hakuna kinachomtia mtu wasiwasi kama kumsikia mwajiri wake akicheka chumba cha pili. Kama kuna mtoa huduma hii anayesoma: wekeni vyumba mbalimbali, au mpite hata kusema "bado".

Lakini aliporudi alirudi na swali zuri. Menejimenti ilikuwa imeshatangaza kwa wafanyakazi wote nyongeza ya miaka mitatu: asilimia 2, kisha 3, kisha 5. Sisi tulitaka 5, kisha 3, kisha 2. Naibu alikuwa akilalamika kwamba tunagombana bure, kwani namba ni zilezile tatu na mshahara wa mwisho ni uleule. Na ni kweli. Chukua mshahara wa 100. Uzidishe kwa 1.05, kwa 1.03, kwa 1.02, au anza upande wa pili, unaishia 110.3 vyovyote vile. Mama akakaa mbele yangu, akaitoa penseli sikioni. "Mhazini, kama mwisho ni mmoja, nani anaumia?"

Nikamwonyesha. Kwa mpangilio wetu, mwaka wa kwanza unapokea 105, wa pili 108.15, wa tatu 110.31. Jumla 323.46. Kwa mpangilio wao: 102, 105.06, 110.31. Jumla 317.37. Tofauti ni 6.09 katika kila 100 ya mshahara wa mwaka wa sasa, yaani takriban siku 22 za mshahara wangu wa mwaka mmoja wa siku 365 zinazobaki mfukoni mwa mwajiri kwa kupanga namba zilezile tatu kinyumenyume. Nilikuwa nimezipiga hesabu hizo kwenye Excel miezi minne kabla na kuzituma kwa upande wa pili kama kiambatisho chenye safu arobaini. Hakuna aliyekisoma. Mama alikataa kuitazama kompyuta. Alinifanya niandike upya kwa mkono, mistari sita tu, akaikariri, akaniuliza swali moja la kuhakikisha, kisha akaondoka na kile kikaratasi.

Neno analolipenda kuliko yote ni "tuseme". Aliporudi hakusema menejimenti imetoa kitu. Alisema, "Tuseme wangefika 4, 3, 3, nyie mngesemaje?" Hakuna aliyetoa ofa na hakuna aliyeikubali, "tuseme" haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeaibika ikikataliwa. Mwenyekiti akanigeukia. Nikapiga: 104, 107.12, 110.33, jumla 321.45. Theluthi mbili ya pengo ilikuwa imezibwa kuja kwetu. Nikamnong'oneza. Akasema, "Tuseme tungefikiria." Jioni ile 4, 3, 3 ikaandikwa.

Wao walikuwa pia na kifuta jasho, malipo ya mara moja baada ya kusaini. Wenzangu wawili walikipenda sana. Jamani, kifuta jasho ni jina linalojieleza: kinafuta, kinakauka. Hakiingii kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo nyongeza ya mwaka ujao haikihesabu, na pensheni haikijui. Mama hakutusaidia hapo wala hakutuzuia. Alikileta kama alivyopewa. Tuliomba kigeuzwe kuwa mchango wa pensheni, na kwa kuwa pensheni ndiyo iliyokuwa inawakosesha usingizi, tulipata sehemu yake.

Likizo ya utafiti ilimalizwa kwa dakika ishirini. Sijui hata ilitushindaje miezi yote ile.

Kasi yake kabla ya hapo haistahili sifa. Pendekezo Na. 92 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1951, linasema usuluhishi wa hiari uwe wa bure na wa haraka, na kwamba unapoendelea pande zote zihimizwe zisigome wala kufungia wafanyakazi nje. Bure, ilikuwa bure. Kugoma, tulijizuia. Haraka ndiyo haikuwepo: tangu fomu ipokewe hadi siku ya kwanza zilipita wiki saba, na katika wiki hizo saba muhula wa mitihani ulipita pia, yaani wakati pekee ambao neno "mgomo" lina uzito kwa upande wa pili. Sisemi kuna aliyepanga iwe hivyo. Nasema ukituma fomu, hesabu siku kwa kuanzia mwisho.

Sasa siku ya tatu, au tuseme usiku wa tatu, kwa sababu jua lilizama tukiwa ndani.

Vilibaki vitu viwili: malimbikizo, yaani nyongeza ihesabiwe tangu siku mkataba wa zamani ulipokwisha au tangu siku ya kusaini, na Kifungu cha 14. Kifungu hicho nilikiandika mimi na mwenzangu mmoja. Kilikuwa na aya tatu. Mhadhiri wa muda alipwe kwa uwiano na mwenzake wa kudumu anayefanya kazi ileile. Mkataba wake usiwe wa muhula mmoja mmoja bali usipungue mwaka. Na alipwe kwa kusahihisha, kwa sababu kwa sasa analipwa kwa kuingia darasani tu, kisha anabeba vitabu mia mbili vya mtihani nyumbani kwa hisani yake. Hatukuyatoa hewani. Mapendekezo ya UNESCO ya 1997 kuhusu hadhi ya wanataaluma wa elimu ya juu yanasema wazi kwamba wanaoajiriwa kwa muda wapate malipo kwa uwiano na masharti yaleyale ya msingi. Mkataba Na. 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1994, unasimamia kanuni hiyohiyo kwa wafanyakazi wa saa pungufu kwa jumla, si wahadhiri tu. Nyaraka zote mbili zilikuwa kwenye faili langu, zimepigwa mistari ya kijani.

Saa nane usiku mama akaingia. Hakukaa. "Tuseme," akasema, "wangelipa malimbikizo yote, mpaka siku ya kwanza kabisa. Na tuseme Kifungu cha 14 kikaenda kwenye kamati ya pamoja ikifanyie kazi."

Timu yetu ilikuwa ya watu saba. Saba wote wa kudumu. Kila mmoja ana mkopo, ada za watoto, au vyote viwili, na malimbikizo yale yalikuwa ya miezi mingi. Nataka niliseme hili bila kujipaka mafuta: hakuna aliyepiga ngumi meza. Mwenzangu niliyeandika naye kifungu alisema, "Kamati ni jokofu." Mwingine akajibu kwamba kwenye jokofu kitu hakiozi. Tukacheka kwa uchovu, na mtu akishacheka ameshakubali nusu. Mwenyekiti akasema, "Mhazini, rekebisha maandishi." Nikaweka kishale mwanzo wa aya ya kwanza, nikaburuta mpaka mwisho wa ya tatu, yote ikawa na kivuli cha buluu, nikabonyeza kitufe kimoja. Mahali pake nikaandika: "Pande zote mbili zitaunda kamati ya pamoja kuchunguza masuala ya wahadhiri wa muda." Maneno kumi na matatu. Mistari ya kijani ikabaki kwenye faili.

Je, hilo ni kosa la msuluhishi? Nimeligeuza sana. Mtetezi wake atasema, na ni sahihi, kwamba msuluhishi hana upande, anabeba alichopewa, na waliokitupa kifungu ni sisi saba. Hilo nalikubali, na nyota zangu mwenyewe usiku ule sizitaji. Lakini siku ya kwanza mama huyuhuyu ndiye aliyegundua kwamba neno moja lina matumbo mawili. Mtu mwenye jicho lile alishindwaje kuuliza swali jepesi zaidi: nani hayumo chumbani? Vyumba viwili, watu kumi na watatu, na aliyekuwa anabadilishwa na malimbikizo yetu hakuwa na kiti katika chumba chochote.

Na kuna kosa la ufundi ambalo halina utetezi. Kwenye kila kifungu kingine alitusumbua kwa maswali yake matatu: nani, lini, na isipofanyika itakuwaje? Malimbikizo yana tarehe. Msahihishaji msaidizi ana idadi ya wanafunzi. Hata likizo ya utafiti ina siku ya mwisho ya kujibu maombi. Sentensi yangu ya kamati ilipita mikononi mwake saa nane na nusu haina tarehe, haina idadi ya wajumbe, haina kitakachotokea kamati isipokutana. Aliisoma, akaivalia miwani, akaivulia miwani, akapiga tiki. Alikuwa amechoka kama sisi. Nyota moja nimeitoa hapo.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na hilo ndilo linaloniuma kama mtu wa takwimu anayejua kwamba mfano mmoja unatosha kuvunja neno "haiwezekani". Aprili 2023, katika Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, vyama vitatu viligoma pamoja, na kimojawapo kilikuwa cha wahadhiri wa muda. Ulikuwa mgomo wa kwanza wa wanataaluma katika chuo kilichoanzishwa 1766. Majadiliano yalihamia kwenye ofisi ya gavana, mgomo ukasitishwa baada ya siku tano, na katika mapatano yale wa muda walipata nyongeza kubwa zaidi kwa asilimia kuliko wa kudumu. Sababu haina uchawi: wa muda walikuwa na chama chao na viti vyao mezani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwauza saa nane usiku bila kutazamana nao.

Nani aitumie huduma hii, basi? Kama mmekwama kwa sababu hamsikilizani, kama kuna namba mnayoigombania na mnahisi kila upande unaizungumzia dunia yake, nendeni, na mwende mapema. Kwa kazi hiyo mama yule ni nyota tano, sijaona mfano wake. Kama mmekwama kwa sababu mwajiri hana fedha au anasema hana na hafungui vitabu, mtarudi na karatasi nzuri zilizokunjwa. Na kama tatizo lenu ni mkataba ambao tayari umesainiwa lakini hautekelezwi, msipoteze siku tatu. Nchini Nigeria chama cha wahadhiri, ASUU, kiligoma kuanzia 14 Februari hadi 14 Oktoba 2022, na miongoni mwa madai yake makubwa yalikuwa makubaliano ya 2009. Miaka kumi na mitatu. Msuluhishi anaweza kukusaidia kuandika sentensi. Kumfanya mtu aitii ni kazi ya mwingine.

Mkitumia, chukueni na haya kutoka kwangu. Pelekeni hesabu zenu kwa mistari sita ya mkono, si safu arobaini. Mwandikeni kwenye timu mtu anayeguswa na kila kifungu, hasa kile mnachodhani ni kidogo. Na neno "kamati" likitamkwa baada ya saa sita usiku, ombeni mapumziko mkanawe uso.

Mkataba ulipelekwa kwa wanachama siku tisa baadaye. Ulipita kwa kura nyingi. Watu walinipongeza kwa ile hesabu ya siku 22, mmoja akaniomba nimwandikie kwenye kiganja ili akamwonyeshe mumewe. Kisha akasimama kijana mmoja nyuma ya ukumbi, mhadhiri wa muda wa idara yangu, ambaye tunatumia meza moja: mimi asubuhi, yeye alasiri. Droo ya juu yangu, ya chini yake. Hakuwa na hasira. Aliuliza, "Mhazini, samahani, hiyo kamati inakutana lini?"

Nilifungua mkataba ukurasa wa Kifungu cha 14, mbele ya watu wote, kana kwamba tarehe ingekuwa imeota usiku.

Jana alasiri nilichelewa kutoka nikamkuta mezani. Nimemchukulia fomu mpya ya kuomba msuluhishi, kwa ajili ya kamati tu. Ina kisanduku kilichoandikwa "Masuala yanayobishaniwa". Mara ya kwanza tulianza na mshahara. Safari hii kalamu anayo yeye, na alikuwa ameshajaza mstari wa kwanza na wa pili nilipofunga mlango.